Gita na laptopu: bendi hizi hazijatudanganya

Siku hizi ni nadra tamasha la Nairobi kuisha bila mtu kurusha mtandaoni video ya laptopu iliyofunguliwa kando ya mpiga gita, na chini yake maneno makali: hawa wanacheza rekodi, turudishiwe hela. Lawama hiyo imezidi kadiri bendi zinazochanganya roki na mitambo ya kielektroniki zinavyopewa majukwaa makubwa, na kadiri baadhi yake zinavyoalikwa Ulaya hata kabla hazijajulikana Eldoret. Naona imeangukia asiye na kosa. Laptopu ndiyo iliyoiwezesha bendi ya Nairobi kufunga safari, na anayejua kinachoendelea nyuma ya ile skrini anajua kwamba kazi ya jukwaani imeongezeka. Wa kulaumiwa ni waandalizi wanaolipia jukwaa, mataa na mabango lakini hawalipii saa moja ya kujaribu sauti. Tatizo jingine ni mji wenyewe, ambao hauna mzunguko wa ziara wa kuikomaza bendi kabla haijapanda ndege.

Muziki huu una umri wa mtu mzima. Kraftwerk walianza Düsseldorf mwaka 1970, na kufikia 1974 albamu yao ya Autobahn ilikuwa imeonyesha kwamba mashine zinaweza kubeba wimbo mzima. Depeche Mode walianza Basildon, Uingereza, mwaka 1980, vijana wa sinthesaiza, yaani kibodi zinazotengeneza sauti kwa umeme, ambao mdundo wao ulitoka kwenye tepu kubwa ya kuzunguka iliyowekwa jukwaani, watu wakiiona. Tarehe 18 Juni 1988 bendi hiyohiyo ilipiga katika uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, mbele ya watu zaidi ya 60,000. Wenzao New Order walichukua njia ngumu. Mwaka 1983 walikataa kufuatisha rekodi kwenye kipindi cha televisheni cha Top of the Pops, wakapiga “Blue Monday” moja kwa moja na mashine zao, na ikasikika vibaya. Anayesema mashine ni njia ya mkato na autafute ule mkanda. Kuziendesha papo hapo mbele ya kamera kuliwashinda watu walioutunga wimbo wenyewe.

Kwetu, jina la kwanza ni Just A Band, waliojikusanya katika Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2003. Albamu yao ya Scratch to Reveal ilitoka 2008, ile iitwayo 82 ikafuata 2009, na Sorry for the Delay 2012. Hawakuwa bendi ya roki kwa maana ya gita zito. Walikuwa wa kielektroniki wenye funki, na walitengeneza video zao wenyewe. Mwaka 2010 video ya “Ha-He” ikamfufua Makmende, shujaa wa kubuni asiyeshindwa na mtu, na kwa wiki kadhaa nchi nzima ilikuwa inatunga vichekesho vyake. Walipanda bila kusubiri redio iwabebe. Miaka kumi baadaye Duma, yaani Martin Khanja anayejiita Lord Spikeheart pamoja na Sam Karugu, wote wakiwa wametoka katika bendi za metali za Nairobi, walitoa albamu yao kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ngoma zake zina kasi ambayo mkono wa mtu hauifikii, maana zinatoka kwenye mashine. Juu yake kuna gita na mayowe. Spikeheart baadaye akajitegemea, na mwaka 2024 akatoa albamu ya The Adept chini ya lebo yake mwenyewe, Haekalu. Njia ni mbili tofauti kabisa, moja ya kicheko cha nyumbani na nyingine ya giza lililonunuliwa kwanza ng’ambo, lakini zote zilizunguka mlango uleule uliofungwa, ule wa vituo vya redio na waandalizi wa kawaida.

Hoja dhaifu kuliko zote dhidi ya bendi hizi ni kwamba huu ni muziki wa wazungu na kompyuta haina nafasi jukwaani kwetu. Wanaoisema ni watu wale wale waliokua wakicheza kapuka na genge, mitindo ya vijana wa Nairobi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyimbo za studio za Ogopa Deejays na Calif Records zilitengenezwa kwa kompyuta kuanzia besi hadi kofi la mwisho, na msanii alipanda jukwaani na maikrofoni tu huku dijei akimwekea mdundo. Hakuna aliyeuliza mpiga ngoma yuko wapi. Nenda kwenye baa yoyote ya mugithi, ule muziki wa gita wa Wakikuyu, kando ya Thika Road wikendi: mtu mmoja, gita moja la umeme, mdundo unatoka kwenye kibodi au mashine, na watu wamepanga foleni ya treni hadi alfajiri. Hiyo ndiyo bendi ya gita na mashine iliyokita mizizi kuliko zote Kenya, na hakuna anayeiita ya kigeni. Gita la umeme lenyewe lilipofika lilikuwa la mgeni, lakini mikono ya wapigaji wa benga ililifanya la nyumbani ndani ya kizazi kimoja. Kinachowakera watu, nadhani, ni ahadi. Wakiona gita na ngoma wanatarajia kila sauti iwe na mkono wake unaoonekana, na wakisikia sauti isiyo na mkono wanahisi wameibiwa. Hisia hiyo inaeleweka, ila haitoshi kuwa hukumu.

Kuna hoja nzito zaidi, na ni lazima ijibiwe kwa heshima. Wimbo ukishafungwa kwenye kompyuta, bendi haiwezi kupumua na watu. Umati ukishika kiitikio na kutaka kirudiwe, mashine inasonga mbele. Mwimbaji akichelewa mistari minne, mashine haimsubiri. Isitoshe, kila sauti inayohamia kwenye laptopu ni mpigaji mmoja aliyekosa kazi, na Nairobi ina wapiga ngoma wazuri wanaolala njaa. Depeche Mode wenyewe walifika hapo. Katika ziara ya 1993 mwenzao Alan Wilder aliketi nyuma ya ngoma kwa baadhi ya nyimbo, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wamesafiri na mpiga ngoma kamili, Christian Eigner. Bendi iliyojulikana kwa mashine iligundua kwamba uwanja mkubwa unahitaji mtu anayetokwa jasho. Kwa hiyo nakubali: kama laptopu inacheza faili moja lenye wimbo mzima, sauti ya mwimbaji ikiwemo, hiyo ni rekodi na mnunuzi wa tiketi ana haki ya kununa. Lakini hivyo sivyo bendi nyingi zinavyofanya, na tofauti iko kwenye waya, kwa hiyo tuufuate.

Njia ya bei nafuu ya kutoa sauti kwenye laptopu, ambayo karibu kila bendi huanza nayo, ni kugawa stereo. Upande wa kushoto unabeba sauti zote za ziada: besi ya sinthesaiza, mapambo, waitikiaji. Upande wa kulia unabeba kliki, ule mlio wa tik-tik-tik unaomwongoza mpiga ngoma masikioni. Kebo moja inakwenda kwa fundi wa sauti, nyingine kwa mpiga ngoma. Inafanya kazi vizuri hadi siku fundi wa ukumbi anapochomeka kinyume, uwanja mzima unasikia tik-tik-tik kutoka kwenye spika kubwa, na mpiga ngoma anabaki na mapambo yasiyo na hesabu. Kinga yake haina gharama: utepe wa rangi tofauti kwenye kila kebo, na majaribio yaanze kwa kliki peke yake. Ikisikika ukumbini, kila kitu kisimame hapohapo.

Bendi iliyokomaa inahamia kwenye kadi ya sauti yenye matundu manane ya kutolea sauti. Mpangilio wa kawaida ni huu: tundu la kwanza ngoma za mashine, la pili besi, la tatu na la nne sinthesaiza kwa stereo, la tano waitikiaji, la sita milio ya kupambia, la saba kliki, na la nane linabaki wazi kwa dharura. Sababu ni kwamba kumbi hazifanani. Ukumbi wa Alliance Française hauvumi kama hema lililofungwa uwanjani, na besi iliyokaa sawa ndani itapotelea hewani ukiwa nje. Sauti zikiwa zimetenganishwa, fundi anaipandisha besi bila kuwagusa waitikiaji. Zikiwa zimeunganishwa hana la kufanya, na hapo ndipo mashabiki husema bendi “inasikika kama CD”. Tena wimbo uliotenganishwa unaweza kukatwa vipande ndani ya programu kama Ableton Live: kiitikio kikawekwa kujirudia mpaka mtu akanyage pedali ya kukiachia. Hilo linajibu nusu ya hoja ya kupumua na watu. Nusu iliyobaki inahitaji mazoezi, kwa kuwa mwenye kukanyaga pedali lazima awatazame wenzake na awasikilize watu, na akikosea kila mtu atajua. Kitu kinachoweza kuharibika mbele ya watu kwa kosa la mguu wa mtu mmoja ni cha moja kwa moja kwa kipimo chochote kile.

Kila kebo inayotoka kwenye kadi hiyo inapaswa kupitia kisanduku cha DI, kifaa kidogo kinachoiandaa sauti kwa waya mrefu, kabla ya kufika kwenye miksa, meza ya fundi wa sauti, na hapa ndipo shoo nyingi za Nairobi huharibikia. Chaja ya laptopu ikichomekwa kwenye soketi ya jukwaani na miksa ikiwa inapata stima upande wa pili wa uwanja, nyaya za athi (zile za usalama zinazoupeleka umeme uliovuja ardhini) za pande mbili zinakutana kupitia kebo ya sauti, na unapata mvumo mzito usiokoma. Dawa ni kisanduku cha DI chenye transfoma na swichi ya kukata athi ya sauti, au kupata stima yote ya sauti kutoka chanzo kimoja. Wapo mafundi wanaotibu mvumo kwa kung’oa waya wa athi kwenye plagi. Mvumo unaisha kweli, ila sasa mpiga gita akigusa nyuzi huku midomo iko kwenye maikrofoni, mwili wake ndio unakuwa njia ya stima. Kwa volti 240 watu hufa hivyo. Bendi ikiona plagi ya aina hiyo jukwaani iwe na haki ya kukataa kupanda, na haki hiyo iandikwe kwenye mkataba.

Yapo makosa madogo yasiyoonekana. Laptopu hushika sauti kwa mafungu kabla ya kuitoa. Fungu la sampuli 128, yaani vipimo vidogo vya sauti, kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni kuchelewa kwa milisekunde 2.7, ambako hakuna sikio linalokuona. Fungu la 512 ni milisekunde 10.7, na kwa gita linaloingia na kutoka kwenye kompyuta kuchelewa huko huongezeka maradufu, mpigaji akahisi vidole vyake vinaburuta. Ukiliweka fungu dogo mno, kompyuta inalemewa na sauti inakatikakatika. Kosa jingine ni kutengeneza nyimbo kwa kasi ya 44,100 kisha kuzipiga kwenye mashine iliyowekwa 48,000 ambayo haibadilishi yenyewe: wimbo unakwenda mbio kwa karibu asilimia 9 na kupanda semitoni moja na nusu hivi, gita lote linakuwa nje ya ufunguo, na bendi inaonekana haijui kupiga. Halafu kuna mambo ya kawaida kabisa: kuzima intaneti na masasisho kabla ya kupanda, kuzuia skrini isilale, kufunga kebo ya USB kwa utepe ili teke la mtu lisiing’oe. Kwenye jukwaa la Mombasa saa tisa alasiri, laptopu iliyoachwa juani itajipunguza kasi au kuzima, hivyo kivuli chake ni kifaa kama vifaa vingine. Bendi yenye uwezo hubeba laptopu mbili zinazokwenda sambamba, pamoja na kifaa cha kuhamia ya pili ya kwanza ikinyamaza.

Hayo yote yanahitaji muda, na muda ndio hatuupati. Bendi inaambiwa ifike saa nane, mtambo wa sauti unafika saa kumi na moja, dijei anajaribu spika hadi saa moja, kisha bendi inapewa dakika kumi na tano za kubadilishana na waliotangulia. Bendi ya gita, besi na ngoma tupu inaweza kunusurika hivyo. Bendi yenye njia nane za ziada haiwezi. Shoo inapokwenda mrama, lawama inaiendea laptopu, na mwandalizi anatajwa tu kwenye shukrani.

Sasa kuhusu ziara. Watu huuliza kwa nini wawili watatu wenye mashine wanaalikwa ng’ambo na bendi ya watu sita inabaki. Jibu limo kwenye mizani ya uwanja wa ndege. Seti ya ngoma na vyuma vyake hupita kilo 40 kwa urahisi, ilhali kadi ya sauti, kibodi ndogo, pedali na kebo huingia kwenye sanduku moja la kilo 23, laptopu ikibaki begani. Viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa kila mtu tangu Juni 2024, mbali na ada ya kituo cha kupokelea maombi: watu wawili ni 180, sita ni 540, na hakuna kurudishiwa ukinyimwa. Ombi haliwezi kuwasilishwa zaidi ya miezi sita kabla ya safari, linapaswa kufika angalau siku 15 kabla, na uamuzi wa kawaida wa siku 15 unaweza kuvutwa hadi 45. Muda wote huo pasipoti kwa kawaida iko kwao. Bahati nzuri Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho, kwa hiyo bendi inayosubiri viza inaweza kwenda Kampala ikapiga na kurudi. Ni mbinu ambayo mameneja wengi hawaitumii. Halafu kuna kodi. Ujerumani hukata msanii mgeni asilimia 15 na nyongeza ya mshikamano juu yake, jumla 15.825, malipo yakizidi euro 250 kwa msanii kwa shoo moja. Wawili wanaogawana euro 1,000 wanaondoka na 841.75 kabla ya treni na chakula. Meneja asiyeuliza kama bei iliyotajwa ni kabla au baada ya kodi ameshaila faida ya bendi yake.

Ndani ya ndege nako kuna sheria zake. Betri za akiba haziingii kwenye mzigo wa chini. Zinakaa na abiria, na zikizidi saa-wati 100 zinahitaji idhini ya shirika. Mpakani Malaba au Namanga, orodha ya vifaa yenye nambari ya kila kimoja, iliyogongwa muhuri wa forodha wakati wa kutoka, ndiyo inayookoa mabishano ya kurudi, pale afisa anapotaka kujua sinthesaiza hii imenunuliwa wapi na kama imelipiwa ushuru.

Wako wanaosema hesabu hizi ndizo zinazoupinda muziki: Ulaya inaagiza wawili wawili kwa sababu ni rahisi, tena inaagiza Nairobi ya ajabu, yenye mayowe na kelele, kisha sisi tunaletewa kama sifa. Kuna ukweli humo. Soko linalolipa lina ladha yake, na bendi inayolitegemea peke yake itajikuta inapika ladha hiyo. Lakini wanaolalamika hivyo hawana budi kueleza hiyo bendi ingekula wapi. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480, hadi Kampala kama 650 ukipitia Jinja, hadi Arusha kama 270. Kwa ramani huo ni mzunguko mzuri kuliko wa nchi nyingi, na kwa gari la watu wanne unaendeka. Kinachokosekana ni kumbi zenye mtambo wa sauti wa kudumu unaojulikana, ili bendi isianze upya kila mji. Na Spikeheart, ambaye watu humtaja kama mfano wa aliyechukuliwa na wazungu, ameitoa The Adept kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, Field Marshal wa Mau Mau aliye wa ukoo wake. Kupotea kwa utambulisho kunakosemwa sijakuona humo.

Bendi zenyewe haziwezi kusubiri kumbi zijengwe. Kinachowezekana mwaka huu ni mkataba wa ukurasa mmoja unaotaja njia nane za DI, chanzo kimoja cha stima chenye athi nzima, meza ya kuwekea laptopu kivulini, na dakika 45 za majaribio kabla ya milango kufunguliwa, pamoja na kifungu kinachosema dakika hizo zikiliwa na wengine bendi itapiga nyimbo zisizotumia mashine na italipwa kamili. Na gari la kwenda Jinja likiwa na kiti kimoja kilichobaki, apewe fundi wa sauti wa bendi kabla ya mpiga gita wa pili. Sehemu za gita la pili zinaweza kuingia kwenye laptopu. Masikio ya fundi hayaingii.